Umeletewa samansi ya juri Marekani: namna ya kujibu na milango halali ya kutokea

Bahasha ina nembo ya mahakama, na ndani kuna karatasi inayokuamuru ufike kortini siku fulani saa mbili asubuhi, na chini yake onyo la faini. Mtu aliyekulia Tanga au Kitale akiisoma mara ya kwanza huanza kujiuliza nani kamshtaki. Hakuna aliyekushtaki. Unaitwa ukakae kwenye juri, yaani uwe miongoni mwa watu wa kawaida wanaosikiliza kesi na kuamua nani mkweli.

Jambo hili ni geni kwetu kwa sababu korti zetu haziendeshwi hivyo. Tanzania tuna wazee wa baraza, lakini katika Mahakama Kuu wao hutoa maoni tu na jaji hafungwi nayo. Kenya iliwaondoa wazee hao mwaka 2007. Marekani ni kinyume: katika kesi ya juri jaji anasimamia mwenendo na kueleza sheria, ila neno la "ana hatia" au "hana hatia" linatoka kwa wanajuri. Ndiyo maana wanaita watu wengi, na ndiyo maana hawapendi kuchezewa.

Kama umechukua uraia, jambo hili ulishalisoma hata kama umelisahau. Katika ile orodha ya maswali 100 ya mtihani wa uraia, toleo la mwaka 2008, kulikuwa na moja lililouliza jukumu ambalo ni la raia peke yao, na majibu yaliyokubaliwa yalikuwa mawili: kupiga kura katika uchaguzi wa shirikisho, na kutumika kwenye juri.

Sasa, wengi wanaotafuta habari hizi hawataki kujua namna ya kuhudumu. Wanataka kujua namna ya kutokea. Sawa, tutafika huko, kwa kuwa milango halali ipo na ni mingi kuliko watu wanavyodhani. Kumbuka tu kwamba kila jimbo lina sheria yake. Ninapotaja viwango vya mahakama za shirikisho au vya jimbo fulani, fungua tovuti ya mahakama iliyokuandikia ulinganishe.

Hatua ya kwanza: hakikisha barua ni ya kweli, na ujue imetoka wapi

Angalia juu ya karatasi. Kama imetaja kaunti, ni mahakama ya jimbo. Kama imetaja wilaya ya mahakama ya Marekani, ni ya shirikisho. Tofauti hii ina maana, kwa sababu malipo, umbali wa safari na sababu za msamaha havifanani. Kisha angalia kama uliyoletewa ni samansi yenyewe, yenye tarehe ya kufika, au ni fomu ya maswali tu ya kujua kama una sifa. Fomu ya maswali haina maana kwamba umechaguliwa, lakini nayo lazima ijibiwe. Kwenye barua utaona pia namba yako ya mwanajuri. Itunze, maana kila utakapopiga simu wataiuliza.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu matapeli wameligeuza jambo hili kuwa biashara. Unapigiwa simu na mtu mwenye sauti nzito, anajitambulisha kuwa ni ofisa wa sherifu au wa shirikisho, anakutajia jina lako kamili na pengine anwani yako, kisha anasema ulikosa kufika kwenye juri na hati ya kukukamata imeshatoka. Ukitaka ifutwe, ulipe faini sasa hivi: ununue kadi za zawadi dukani umsomee namba, au utumie pesa kwa simu, au uende kwenye mashine ya Bitcoin. Anakukataza kukata simu. Wahamiaji hunasa kirahisi kwa sababu hofu ya polisi tumekuja nayo kutoka nyumbani.

Mahakama haidai faini kwa simu, wala haiombi namba ya kadi ya benki au ya usalama wa jamii kwa simu au barua pepe. Inaandika barua. Kata simu, tafuta mwenyewe namba ya karani wa mahakama kwenye tovuti ya mahakama hiyo, umuulize. Waambie na wazee walioko nyumbani, hasa mama aliyekuja kulea wajukuu na ndiye anayepokea simu mchana.

Hatua ya pili: swali la uraia, usilikosee

Ujumbe wa namna hii huzunguka sana kwenye simu zetu:

"Shikamoo dada. Nimeletewa barua ya korti, wanasema juri. Mimi nina grini kadi tu. Nikiitupa kuna shida?"

"Marhaba mdogo wangu. Usiitupe, na usitie tiki popote mpaka nikuone."

Dada kajibu vizuri. Majina ya juri huchotwa kwenye orodha ya wapiga kura, na majimbo mengi huongeza orodha ya leseni za udereva na vitambulisho vya jimbo. Kompyuta inayochota majina haijui nani raia na nani mkazi. Kwa hiyo mwenye grini kadi, mkimbizi, hata mwanafunzi mwenye visa, wote wanaweza kupata barua kwa sababu tu waliwahi kuchukua leseni. Kupokea barua hakukufanyi uwe raia, na wala si ishara kwamba serikali imekukubali.

Cha kufanya ni kidogo. Kwenye fomu kuna swali: je, wewe ni raia wa Marekani? Kama si raia, jibu hapana, weka sahihi, rudisha kabla ya tarehe iliyoandikwa. Mahakama nyingine zitaomba nakala ya grini kadi. Basi, umetoka, na hakuna ubaya wowote utakaoandikwa dhidi yako kwa kusema ukweli huo.

Kosa kubwa ni kujibu ndiyo. Wapo waliofanya hivyo kwa kudhani wanaonyesha utii, au kwa sababu walijaziwa fomu na mtoto wa darasa la nane. Kudai uraia usio nao, kwa manufaa yoyote chini ya sheria ya shirikisho au ya jimbo, ni miongoni mwa mambo ambayo sheria ya uhamiaji inayachukulia kwa ukali wa juu kabisa. Linaweza kukufunga njia ya uraia na linaweza kukufukuzisha nchini. Fomu ya kuomba uraia inauliza moja kwa moja kama umewahi kudai kuwa raia. Ikiwa ulishatia tiki hiyo zamani, muone wakili wa uhamiaji kabla hujajaza ombi lolote jipya. Rafiki wa msikitini au kanisani, hata awe amesaidia watu wengi, hatoshi kwa hili.

Upande wa pili wapo raia wanaotia tiki ya "si raia" ili waachwe. Huu ni ujanja mbovu kuliko wote. Fomu unaisaini chini ya adhabu ya kusema uongo. Texas, kwa mfano, majina ya waliojitoa kwa kusema si raia hupelekwa kwa msajili wa wapiga kura. Ukija kupiga kura baadaye utakuta maswali yanakusubiri, na kwa mtu aliyezaliwa nje na kuapa juzi tu, sioni faida ya kuwapa maofisa sababu ya kuulizia karatasi zako upya.

Sifa nyingine za mahakama za shirikisho ni hizi: uwe na miaka 18 au zaidi, uwe umeishi ndani ya wilaya ya mahakama hiyo kwa mwaka mmoja, ujue Kiingereza cha kutosha kujaza fomu na kufuatilia kesi, usiwe na maradhi ya mwili au akili yanayokuzuia, na usiwe umetiwa hatiani, au unakabiliwa na shtaka, la kosa linaloweza kubeba kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, labda uwe umerudishiwa haki zako. Ukikosa moja ya sifa hizi, hauombi msamaha. Unaeleza tu kwenye fomu kwamba huna sifa.

Hatua ya tatu: ahirisha kwanza

Huu ndio mlango mpana kuliko yote, na watu wanaupita wakikimbilia kudanganya. Mahakama nyingi hukubali kuahirisha mara ya kwanza bila maswali mengi, kwa simu au kupitia tovuti. Una mtihani wa uuguzi mwezi huo, una tiketi ya kwenda Dar es Salaam kuzika au kuoa, umeanza kazi wiki iliyopita: ahirisha. Massachusetts inakuruhusu kusogeza tarehe hadi mwaka mmoja mbele. California humruhusu mama anayenyonyesha kuahirisha hadi mwaka mzima.

Mambo matatu kuhusu kuahirisha. Omba mapema, siku unayopokea barua ikiwezekana, maana ombi la usiku wa kuamkia siku yenyewe linamkuta karani ameshachoka. Ukipewa nafasi ya kuchagua tarehe, chagua kipindi ambacho kazi yako imelala; wiki za karibu na Krismasi kesi zinazoanza huwa chache, kwa kuwa hata mawakili wanataka kula sikukuu. Na ukishapewa tarehe mpya iandike ukutani, kwa sababu kuahirisha mara ya pili ni kugumu.

Hatua ya nne: kuomba kuachwa

Kama kuahirisha hakutatui, tafuta sababu yako kwenye orodha ya mahakama yako. Mahakama nyingi za shirikisho humwachia anayeomba mwenye zaidi ya miaka 70, aliyehudumu kwenye juri ya shirikisho ndani ya miaka miwili iliyopita, na mzimamoto wa kujitolea. Askari jeshi walio kazini, polisi na wazimamoto wa kuajiriwa, na maofisa wa umma wa kudumu hawaingizwi kabisa. Texas humruhusu kujitoa mwanafunzi anayehudhuria chuo, na pia mzazi mwenye mtoto chini ya miaka 12 ambaye akienda kortini mtoto atabaki bila mwangalizi. Kumbuka kwamba mahakama ya Texas haitakutafutia haki hiyo. Ni wewe wa kutia tiki.

Kazi yako, hata iwe ya maana vipi, kwa kawaida haitoshi. Zamani mawakili, madaktari na hata wachungaji walikuwa wanaachwa katika majimbo mengi. Sehemu kubwa ya misamaha hiyo imefutwa.

Inayobaki ni sababu ya dhiki, na hapa ndipo watu wetu wengi wanapoangukia: dereva wa lori mwenye gari lake, dereva wa teksi za simu, mama anayemuuguza mume nyumbani, msusi wa nywele mwenye kiti kimoja. Malipo ya juri ni madogo. Mahakama za shirikisho hulipa dola 50 kwa siku, na kesi ikizidi siku 10 wanaweza kuongeza hadi 60. Texas ni dola 20 siku ya kwanza na 58 kila siku inayofuata. Kiwango cha kawaida cha California ni dola 15, tena kuanzia siku ya pili. Massachusetts mwajiri ndiye anayekulipa mshahara wako siku tatu za kwanza. Kwa mtu anayelipa kodi ya nyumba huku anatuma ya ada nyumbani, wiki tatu za dola 50 ni balaa, na majaji wanalijua hilo. Lakini hawatakisia. Wanataka karatasi.

Barua ya kuomba kuachwa iandikwe kwa Kiingereza rahisi, nusu ukurasa, na iwe na mambo haya kwa mpangilio huu: jina, namba ya mwanajuri, tarehe uliyoitwa, sentensi moja ya ombi, kisha ukweli wenye namba. Usiandike "nina matatizo ya kifedha". Andika kwamba unaendesha lori lako mwenyewe, usipoendesha huingizi chochote, mkopo wa lori ni kiasi fulani kwa mwezi, na nyumbani mnakula wewe, mke na watoto wanne kwa mapato hayo. Ambatanisha nakala ya mkopo na ya marejesho ya kodi ya mapato. Ukiwa mgonjwa, barua ya daktari isiishie kutaja jina la ugonjwa. Iseme unashindwa nini, kwa mfano kukaa zaidi ya nusu saa au kukaa bila kwenda msalani, na kwa muda gani. Kama ni kumlea mgonjwa, iseme kwamba hakuna mtu mwingine. Na mwisho, ongeza kwamba ukikataliwa uko tayari kuhudumu tarehe nyingine. Sentensi hiyo humlainisha karani.

Usipojibiwa, usidhani umekubaliwa. Mpaka upate maandishi ya kukuachia, samansi iko palepale.

Kuhusu mwajiri: mpe nakala ya samansi siku hiyohiyo. Sheria ya shirikisho inamkataza kukufukuza, kukutisha au kukubana kwa sababu ya kuhudumu kwenye mahakama ya shirikisho, na kila kosa linaweza kumgharimu hadi dola 5,000. Majimbo nayo yana makatazo yao. Lakini kukulipa mshahara siku hizo ni jambo jingine: sehemu nyingi halazimiki. Wanaofanya zamu za usiku kwenye nyumba za wazee wamuulize karani na mwajiri mapema, kwa sababu kutoka zamu saa moja asubuhi na kukaa kwenye kiti cha juri saa mbili hakumfai mshtakiwa wala hakukufai wewe.

Hatua ya tano: siku yenyewe

Jioni ya kuamkia siku hiyo piga namba iliyo kwenye barua au fungua tovuti. Mahakama nyingi huwapanga watu kwa makundi ya namba, na mara nyingi utasikia kundi lako halihitajiki. Baada ya hapo umehesabiwa kuwa umehudumu, au utaambiwa upige tena kesho.

Ukihitajika, fika mapema. Getini kuna ukaguzi kama wa uwanja wa ndege: acha kisu cha kumenyea matunda nyumbani. Beba chakula, sweta na kitu cha kusoma, kwa maana chumba cha kusubiria kina baridi na kusubiri ndiyo kazi kubwa ya siku. Unaweza kukaa hadi jioni hujaitwa jina. Majimbo mengi hufuata utaratibu wa siku moja au kesi moja: usipopangiwa kesi siku hiyo, umemaliza, nenda zako. Watu waliohangaika mwezi mzima kutafuta barua ya daktari wangemaliza kwa siku hiyo moja.

Hatua ya sita: maswali ya jaji na mawakili

Jina lako likiitwa, unapelekwa na wengine ndani ya chumba cha kesi. Mnaapishwa, kisha jaji na mawakili wanawauliza maswali. Hapa ndipo wengi huachwa, kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukataliwa kwa sababu inayotajwa: jaji anaona huwezi kuamua bila upendeleo. Idadi ya wanaoachwa hivi haina kikomo. Ya pili, kila upande una nafasi chache za kukukataa bila kueleza kwa nini. Katika kesi kubwa za jinai za shirikisho zisizo za hukumu ya kifo, utetezi una nafasi 10 na mwendesha mashtaka 6. Arizona ilifuta utaratibu huu wa pili kabisa kuanzia 2022.

Mazungumzo huwa hivi:

"Mwanajuri namba 14, umeinua mkono. Kuna jambo?"

"Ndiyo, mheshimiwa. Dukani kwangu niliwahi kuvamiwa kwa bunduki. Kesi hii ni ya kuvamia duka."

"Nikikuelekeza uamue kwa ushahidi wa hapa tu, utaweza?"

"Nitajaribu, lakini siwezi kukuahidi."

Ukweli uliosemwa wazi namna hiyo hufanya kazi kuliko uongo uliopambwa. Kama unamfahamu mmoja wa wahusika, kama ndugu yako ni polisi, kama umewahi kushtakiwa, kama huwezi kumwamini shahidi wa serikali kwa yaliyokupata, sema. Kama dini yako inakuzuia kumtia mtu hatiani, sema pia, lakini jiandae kwa swali la pili. Watu hunukuu "msihukumu" ya Mathayo, na jaji huwajibu kwamba kwa kawaida juri huamua kilichotokea tu, adhabu inabaki kwake. Swala ya Ijumaa si sababu ya kutoka. Ni jambo la kumwambia jaji ili apange mapumziko.

Kuna kundi moja ninaloliwazia sana hapa: waliotoka Kivu, Burundi au Rwanda na kuona mambo ambayo hayasemeki. Kukaa wiki mbili ukitazama picha za maiti kwenye kesi ya mauaji kunaweza kukufumua. Huhitaji kueleza mbele ya watu 60. Mwambie jaji unaomba kujibu faragha, na utaitwa karibu na meza yake pamoja na mawakili tu. Majaji wengi huwaachia watu wa namna hiyo kwa heshima.

Kuhusu Kiingereza: ujanja wa "sielewi" hauendi mbali kwa mtu aliyefanya mahojiano ya uraia kwa Kiingereza na anafanya kazi hospitali. Jaji atakuuliza kazi yako, watoto wako, safari ya kuja, na atasikia mwenyewe. Lakini kama kweli unapotea mawakili wanapoongea haraka, lisiwe jambo la aibu. Maisha ya mtu yako mezani. Sema kwamba mazungumzo ya kazini unayamudu ila maelezo ya kitaalamu yanakupita. New Mexico ni ya pekee: katiba yake inalinda haki ya wasiojua Kiingereza kuhudumu, nao huwekewa wakalimani.

Niseme na upande wangu. Mtu mweusi akiniuliza kama ajitoe, namwambia kwanza asome kesi ya Batson ya mwaka 1986. Huko Kentucky mwendesha mashtaka aliwakataa weusi wote wanne waliokuwa wamebaki kwenye orodha, na Batson, mweusi, akahukumiwa na juri ya weupe watupu. Mahakama ya Juu ikasema mtu hakataliwi kwa rangi yake. Imechukua kesi hiyo na nyingine nyingi ili tusifukuzwe kwenye viti vile. Sisi tunavikimbia wenyewe, kisha tunalalamika kijana wetu akishtakiwa na kukuta sura ambazo hazijawahi kusikia lafudhi yake.

Ujanja unaosifiwa, na ulivyowatokea puani

Mwaka 2011 mwanamke mmoja wa Denver alifika kortini na vibanio vya nywele kichwani, vipodozi vimechafuka, viatu havifanani, akadai ana matatizo ya akili. Akaachwa. Miezi kadhaa baadaye akapiga simu kwenye kipindi cha redio akijisifu jinsi alivyowachezea. Jaji aliyemwachia alikuwa anasikiliza redio ileile. Akashtakiwa.

Mwaka huohuo, Brooklyn, mwingine alijaza fomu kwa majibu ya kuwatukana watu wa rangi nyingine, akitumaini atafukuzwa. Jaji Nicholas Garaufis alimwachia kesi ile, ila akamwamuru aendelee kurudi kwenye chumba cha wanajuri siku baada ya siku.

Kutokwenda kabisa nako kuna bei. Mahakama ya shirikisho inaweza kukuita ueleze, na usipokuwa na sababu ya maana ikakutoza hadi dola 1,000, kukufunga hadi siku tatu, au kukupa kazi za jamii. Kuandika uongo kwenye fomu ili uachwe kuna adhabu hiyohiyo. Kwa kweli wengi wanaokosa mara ya kwanza huandikiwa barua ya pili tu. Hatari huwa kubwa ukishaapishwa kuwa mwanajuri. Huko West Palm Beach, Florida, mwaka 2019, kijana wa miaka 21 aliyekwisha kuchaguliwa alipitiwa na usingizi, hakufika wala hakupiga simu. Alipewa siku 10 jela, akazitumikia. Baada ya kelele nyingi jaji alimfutia kosa.

Kwa hiyo ukichaguliwa, weka kengele mbili. Usitafute habari za kesi kwenye simu, usiizungumzie na mke au mume, usiitaje kwenye kundi la WhatsApp la wanakijiji hata kwa fumbo. Ukiumwa au ukipotezwa na Kiingereza katikati ya kesi, mwandikie jaji kikaratasi umpe mlinzi wa mahakama.

Na kama tarehe ilishapita hukwenda, usingoje wakutafute. Mpigie karani leo, taja namba yako, sema ulikosa na unaomba tarehe mpya. Mara nyingi jambo linaishia hapo kwenye simu. Ukishahudumu, omba cheti cha mahudhurio: kimoja mpe mwajiri, kingine kiweke pamoja na cheti chako cha uraia. Mashine ikikuchota tena kabla muda haujapita, cheti hicho ndicho kitakachokutoa.